Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu eksirei, utrasaundi na vipimo vingine: kwa wagonjwa na ndugu zao mkoani Kigoma

Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi, na miaka yote nimeifanya ndani ya mkoa huu. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa dirishani, kwenye benchi la kusubiria, ndani ya basi la Kasulu, na hata Kibirizi nikiwa nachagua dagaa. Mengi huulizwa kwa kunong'ona, kana kwamba mgonjwa anaomba radhi kwa kuuliza. Usiombe radhi. Nimeona picha nyingi zilizoharibika au kupigwa bure kwa sababu tu mtu alinyamaza, na tuliokuwa naye chumbani hatukumuuliza.

Eksirei, utrasaundi, siti skani na MRI zinatofautianaje?

Eksirei ndiyo mkubwa wao kwa umri. Mionzi inatoka kwenye mashine, inapita mwilini, inatua upande wa pili. Mfupa unaizuia, kwa hiyo kwenye picha unatokea mweupe. Mapafu yamejaa hewa, mionzi inayapita kirahisi, yanatokea meusi. Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua Novemba 1895 akiwa Würzburg, na mojawapo ya picha zake za mwanzo kabisa ilikuwa ya mkono wa mke wake, mifupa ya vidole inaonekana na pete imekaa juu yake.

Siti skani nayo ni eksirei, ila mashine inakuzunguka na kompyuta inaunganisha hesabu hadi tunaona mwili vipande vipande, kama mkate wa silesi. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Hesabu zake, lakini, zilikuwa zimeshatafutwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alilianza wazo hilo akiwa Cape Town. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Huwa napenda kuwaambia vijana wa mafunzo kwamba sehemu ya mashine hii ilifikiriwa Afrika.

Utrasaundi haina mionzi kabisa. Inatuma sauti nyembamba kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi, kama popo anavyojua ukuta uko wapi gizani. MRI pia haina mionzi. Inatumia sumaku, na sumaku yenyewe si ya kuchezea: mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi usiku wala Jumapili.

Mashine kubwa ndiyo inayoona zaidi? Nimeambiwa niombe siti skani moja kwa moja.

Hapana, na hili ndilo ninalotamani lieleweke kuliko yote.

Kila mashine inajibu aina yake ya swali. Mawe ya kibofu cha nyongo yanaonekana vizuri kwa utrasaundi, na mengi yake hayaonekani kwenye eksirei. Mfupa wa mguu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda, eksirei inatosha. Dereva huyohuyo akiwa amepiga kichwa, anatapika na kusinzia, hapo siti skani inahitajika haraka, kwa sababu damu inayovujia ndani ya fuvu haionekani kwenye eksirei ya kichwa. Kano za goti zilizochanika kwa mpira zinahitaji MRI. Na homa ya malaria haihitaji picha yoyote kati ya hizi.

Kwa hiyo fomu ya daktari ina uzito kuliko ukubwa wa mashine. Ikiandikwa "eksirei ya kifua" bila neno jingine, nitapiga, lakini nitakuwa napiga gizani. Ikiandikwa "anakohoa wiki 3, amepungua uzito, aliwahi kutibiwa kifua kikuu", najua niangalie wapi na anayesoma picha anajua anatafuta nini. Kama daktari hakuandika, niambie wewe. Dakika moja ya maelezo yako inaweza kukuepusha na picha ya pili.

Miaka ya karibuni serikali imesambaza siti skani kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Zamani mgonjwa wa kichwa kutoka huku alisafirishwa hadi Bugando, Mwanza, na barabara ile kila mtu anaijua. Ni hatua kubwa. Lakini kuwa na mashine karibu si sababu ya kumpiga kila mtu.

Mionzi ninayopata ni mingi kiasi gani?

Hata bila hospitali, sote tunapokea mionzi kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka; milisiveti ni kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili. Eksirei moja ya kifua ni takriban milisiveti 0.1 au chini yake, yaani sawa na siku chache hadi wiki mbili za kuishi tu. Siti skani ya kichwa ni kama 2, na ya tumbo inaweza kufika 8 hadi 10, ambayo ni sawa na miaka mitatu au minne ya mionzi ya kawaida.

Mtu anayehitaji siti skani asiikimbie kwa sababu ya namba hizo, maana damu kichwani inaua kwa saa, na madhara ya mionzi ya kiwango hicho ni uwezekano mdogo wa baadaye sana. Asiyeihitaji asiidai. Kwa watoto tunakuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa miili yao inakua na wana miaka mingi mbele.

Mionzi inabaki mwilini? Naweza kumnyonyesha mwanangu?

Haibaki. Kitufe kikiachiwa, mionzi imekwisha, kama taa iliyozimwa. Mnyonyeshe ukitoka tu chumbani.

Kwa nini mnauliza "una mimba?" hata kwa binti wa shule?

Kwa sababu nilijifunza kwa njia mbaya. Miaka ya nyuma, kwenye kituo kimoja, alikuja dada mmoja kupigwa picha ya nyonga na kiuno, amesindikizwa na mama mkwe wake. Nilimuuliza swali hilo mlangoni, mbele ya mama mkwe na watu wengine watatu. Akasema hana. Baada ya wiki chache akarudi peke yake, analia, ana mimba ambayo siku ile alikuwa anaihisi ila hakuweza kuitamka pale. Mtoto alizaliwa salama, na kiasi cha mionzi aliyoipata kilikuwa chini sana ya kile kinachojulikana kumdhuru mtoto tumboni. Lakini yule dada alibeba hofu miezi yote iliyobaki, na hofu ile niliisababisha mimi, kwa kuuliza swali la siri hadharani.

Tangu siku ile nauliza mlango ukiwa umefungwa, ndugu wakiwa nje, awe binti wa miaka 14 au mama wa watoto saba. Swali lenyewe nimelibadilisha: "Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?" Ukiulizwa mbele za watu, una haki ya kusema, "Naomba tuongee ndani."

Picha ya kifua, ya mkono au ya mguu kwa mjamzito inaweza kupigwa ikiwa ni lazima, kwani mionzi inayofika tumboni ni kidogo mno. Ya tumbo, kiuno na nyonga, daktari atapima: isubiri, ibadilishwe kwa utrasaundi, au ipigwe kwa kuwa maisha ya mama yako hatarini.

Zamani mlinivika vazi zito la risasi, safari hii hamkunivika. Mmenisahau?

Hatukukusahau. Risasi ni madini yanayozuia mionzi, na kwa miaka mingi tuliwafunika wagonjwa karibu wote. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri kuacha kufunika viungo vya uzazi kama desturi, na wengine wamefuata. Mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo, na vazi likikaa vibaya linaweza kuficha kile tunachokitafuta, tukalazimika kurudia. Tena mashine nyingine ikikutana na risasi huongeza mionzi yenyewe ikidhani mwili ni mnene. Kinachokulinda zaidi ni kuubana mwale uangukie pale panapohitajika tu. Anayemshika mtoto wakati wa picha, yeye bado anavaa.

Utrasaundi ya mimba nifanye lini, na mara ngapi?

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri angalau moja kabla ya wiki ya 24. Wengi huku wanakuja mwezi wa nane wa mimba, na nawaelewa: mama wa Kalya au Buhingu anategemea boti na hali ya ziwa, hawezi kuja kila anapotaka. Ila kama safari itakuwa moja, ifanye mapema.

Sababu ni hii. Mimba changa, chini ya wiki 14, watoto wote wanalingana karibu sawa, kwa hiyo tunakadiria umri wake kwa tofauti ya siku tano hadi saba. Mwezi wa nane kuna mtoto mkubwa wa ukoo wa watu wakubwa na mdogo wa ukoo wa wadogo, na makadirio yanaweza kupotea kwa wiki tatu. Ndiyo maana mama anakuja na karatasi mbili zenye tarehe mbili za kujifungua na kusema mashine ni waongo. Iamini ile ya kwanza.

Tukipima tunaangalia pia kama ni pacha, kama moyo unapiga, kama maji yanatosha, na kama kondo la nyuma limekaa juu ya mlango wa uzazi. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mama mwenye kondo lililotangulia akianza kutokwa damu kijijini, mbali na chumba cha upasuaji, muda ni mchache sana. Akijulikana mapema, anapangiwa kusogea mjini kabla uchungu haujaanza.

Jinsia je?

Kuanzia wiki ya 18 hadi 20 huonekana, mtoto akikaa vizuri. Akifunga miguu, hata ukilipa mara tatu hataonekana.

Mbona naambiwa ninywe maji mengi, halafu napakwa jeli baridi?

Sauti haipiti vizuri kwenye hewa. Jeli inaondoa hewa kati ya ngozi na kifaa. Kibofu kilichojaa maji kinasukuma utumbo wenye hewa pembeni na kutupa dirisha la kuangalia kizazi. Kwa kipimo cha nyongo ni kinyume: usile, kwa sababu ukila mfuko wa nyongo unasinyaa. Uliza siku ya kupewa tarehe, usije ukashiba ugali na migebuka asubuhi ile.

Nimeambiwa nitachomwa dawa kabla ya siti skani. Ni dawa gani?

Inaitwa kontrasti, ina madini ya aidini, na inafanya mishipa ya damu ionekane. Ikiingia utahisi joto linatembea mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na kama vile umejikojolea. Hujajikojolea. Inapita ndani ya dakika moja.

Sema mapema kama una ugonjwa wa figo, pumu, kisukari na unatumia dawa ya metformini, au kama uliwahi kuvimba ama kubanwa pumzi baada ya sindano kama hiyo. Huenda ukapimwa kreatinini kwanza ili tujue figo zako zikoje. Ukianza kuwashwa au koo kubana ukiwa bado kitandani, inua mkono na sema papo hapo.

Kile kibanio cha kidoleni kinapima nini?

Kinapima oksijeni kwenye damu bila sindano. Kinapitisha taa mbili, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, na kwa kuwa damu yenye oksijeni inafyonza taa hizo tofauti na isiyo nayo, kifaa kinapiga hesabu. Wazo lilitoka kwa Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Ni kadogo, kanatumia betri, na kwa maoni yangu kameokoa watu wengi kuliko mashine zote zinazojaza chumba.

Mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100. Mtoto mwenye nimonia akisoma chini ya 90 anahitaji oksijeni sasa hivi.

Lakini kanadanganywa. Vidole vya baridi, rangi ya kucha, na kwetu huku hina na piko za harusi vinaweza kuvuruga usomaji. Bibi harusi akiletwa hoi, tunabandika kwenye sikio au tunageuza kidole kifaa kikae ubavuni. Kuna jambo jingine linalotuhusu sana: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kikisoma 93 na mgonjwa anahema kwa shida, mwamini mgonjwa. Ukiwa ndugu umekaa pembeni ya kitanda, unaona mbavu zinaingia ndani na puani panapanuka, muite nesi bila kujali namba inasema nini.

Oksijeni ya mtungi na ya mashine, ipi bora?

Zote ni oksijeni. Mashine inavuta hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni asilimia 21, inanasa naitrojeni kwenye chembechembe maalumu na kutoa oksijeni ya takriban asilimia 90 na zaidi. Haihitaji kujazwa, ila bila umeme haifanyi kazi. Mtungi haujali umeme, ila unaisha. Wodi iliyojipanga ina vyote viwili, na mtungi wa akiba unapimwa kila zamu.

Kwa nini mashine za hospitali huku zinakufa ovyo?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na uchungu ni wa haki. Mtu ametoka Kakonko na mgonjwa, anafika anaambiwa mashine mbovu.

Umeme ni sababu moja. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kabla ya kuanza kuunganishwa na gridi ya taifa, na umeme unaopanda na kushuka unaunguza bodi za mashine kabla hujatafuta tochi. Stebilaiza inayotuliza umeme na UPS inayoushikilia ukikatika si mapambo. Ya pili ni mashine za msaada zinazokuja bila kitabu cha maelekezo, bila vipuri, na wakati mwingine kwa volti ambazo si zetu. Mfadhili anapiga picha ya makabidhiano, miaka miwili baadaye mashine ni meza ya kuwekea mafaili. Ya tatu ni upungufu wa mafundi. Mhandisi wa vifaa tiba mmoja anapewa vituo vingi mno, na kipuri kidogo kinangojwa kutoka Dar es Salaam au ng'ambo.

Diwani au mjumbe wa kamati ya afya akisoma hapa: mnapopanga kununua mashine, kwenye bajeti hiyohiyo wekeni matengenezo ya miaka mitano na mafunzo ya mtumiaji. Fedha isipotosha, nunueni mashine ndogo.

Nimepigwa eksirei ya kupima kifua kikuu, picha ikasomwa na kompyuta. Ni kweli?

Ni kweli na ni salama. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu programu za kompyuta kusoma eksirei za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea, kwa ajili ya kuchuja nani ahitaji kupimwa zaidi. Programu inatoa alama ya wasiwasi tu. Ugonjwa unathibitishwa kwa kohozi. Ukiambiwa una alama ya juu usianze kuaga watu, toa kohozi.

Mwanangu hatulii. Mtamchoma dawa ya usingizi?

Kwa eksirei, mara nyingi hapana. Mnyonyeshe au mwimbie, mfunge vizuri kwa khanga, nami nitakuwa tayari akitulia tu. Anayemshika asiwe mjamzito.

Bibi yangu anaelewa Kiha tu.

Njoo naye hadi chumbani, na umfundishe mapema njiani maneno matatu: vuta pumzi, izuie, achia. Picha ya kifua ya mtu asiyevuta pumzi inaweza kuonyesha moyo kama umevimba na mapafu kama yana maji, na bibi akaanzishiwa dawa za ugonjwa asio nao. Hivyohivyo kwa wagonjwa wa Kirundi wanaoletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkalimani ni sehemu ya kipimo.

Nitajuaje kwamba sehemu ninayopimwa ni salama?

Vyumba vya mionzi nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Uliza kama wana leseni yake, ni swali halali. Angalia mlango unafungwa, kuna alama ya onyo, mpigaji amevaa kile kibeji kidogo cha kupima mionzi kifuani, na watu wengine hawakai chumbani mwenzao akipigwa. Vifaa vyenyewe vinadhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Gharama?

Uliza kabla ya kuingia, na onyesha bima kama unayo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wana msamaha kwa sera ya serikali. Ukikwama, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini.

Siku ya kipimo nije na nini?

Fomu ya daktari. Picha zote za zamani, hata za miaka kumi, kwa sababu kivuli kwenye pafu ambacho hakijabadilika tangu 2015 ni habari njema, na kilichotokea mwaka huu ni habari nyingine. Filamu isikunjwe wala kuwekwa juu ya dari la bati, joto linaiharibu. Ukija kwa boti, ifunge kwenye nailoni mbili. Kama umepewa CD, iandike jina lako na tarehe. Vaa nguo isiyo na vifungo vya chuma, na hirizi, mkufu au sidiria yenye waya utavivua, kuna pazia. Namba ya simu ya ndugu mmoja anayepatikana, maana majibu mengine hayasubiri urudi kliniki.